UZI: Kushusha umri wa leseni ya uwindaji kwa watoto Marekani. Tunabishania miaka, tunasahau idadi ya bunduki

Nyikani (mleta uzi)

Wakuu, habari za majukumu.

Kila vuli ikikaribia mjadala huu unarudi, na kila mara unaishia kwenye swali moja: mtoto aanze kuwinda na miaka mingapi? Naomba tuuangalie kwa kusoma sheria zenyewe, maana wazazi wengi wa jamii yetu walioko majimbo ya kaskazini, waliopitia kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu au waliotoka moja kwa moja Kivu na Katanga, wanaletewa mwaliko na jirani: "Mwache kijana aje nasi msimu wa kulungu." Mkenya ndiyo kabisa hana pa kulinganishia, kwa sababu kwao uwindaji ulipigwa marufuku mwaka 1977.

Nachukua Wisconsin kama mfano mkuu. Hapo nyuma, mtoto alikuwa haruhusiwi kuwinda kwa bunduki mpaka afike miaka 12. Mwaka 2009 ukaja mpango wa kuwinda chini ya msimamizi, umri ukashuka hadi 10. Halafu tarehe 11 Novemba 2017 Gavana Scott Walker akasaini sheria iliyofuta kabisa umri wa chini kwa anayewinda na msimamizi. Msimu wa bunduki ulifunguliwa wiki moja baadaye, tarehe 18. Haukupita muda mrefu habari zikaenea kwamba kuna leseni zilizonunuliwa kwa majina ya watoto ambao hata mwaka mmoja hawajatimiza.

Magazeti yote yakashika hiyo ya vichanga. Lakini sheria ile ile ilibadilisha jambo la pili ambalo kwangu ni zito zaidi. Kabla ya 2017, msimamizi na mtoto walikuwa na silaha MOJA kati yao wawili. Baada ya hapo kila mmoja akaruhusiwa kubeba ya kwake. Someni tena hapo. Mtu mzima ambaye kazi yake yote ni kuangalia mikono ya mtoto, sasa naye ana bunduki yake, ana leseni yake, na kulungu akitokea macho yake yanakwenda kwa kulungu.

Hoja yangu ni hii: umri ukishushwa, kanuni ya silaha moja ndiyo iliyopaswa kubaki. Wenye ujuzi karibuni.

Gobole la Babu

Mleta uzi umegusa penyewe. Niongeze ulinganisho.

Pennsylvania ilianza mpango wake mwaka 2006, nayo inaruhusu watoto wadogo chini ya miaka 12. Tofauti ni kwamba kwa watoto hao wawili wana silaha moja tu, na wanapotembea anayeibeba ni mtu mzima. Mtoto anaishika wakiwa wametulia mahali pamoja, basi. Ufaransa nako kijana wa miaka 15 anaweza kuanza kwa kuandamana na mtu mzima kabla hajapata kibali chake mwenyewe, na wanatumia bunduki moja kwa watu wawili. Ujerumani kibali cha vijana kinaanzia miaka 16, na bado lazima asindikizwe.

Sababu iko wazi kwa aliyewahi kusimamia. Ajali nyingi za bunduki porini hazitokei wakati wa kulenga. Zinatokea wakati wa kuvuka uzio, kupanda na kushuka, kuteleza kwenye matope, kujaza na kutoa risasi. Kanuni ya Pennsylvania inamwondoa mtoto kwenye nyakati hizo zote. Sheria inayotaja umri peke yake haigusi hata mojawapo.

MamaAsha_Milwaukee

Samahani ndugu zangu, kabla hamjaenda mbali: huyo msimamizi ni nani kisheria? Jirani anaweza, au lazima awe mzazi?

Nyikani

Dada MamaAsha, kwa Wisconsin msimamizi si lazima awe mzazi, lakini lazima awe amepewa ruhusa na mzazi au mlezi. Awe na miaka 18 au zaidi, awe na leseni yake ya uwindaji, na awe amehitimu kozi ya usalama wa uwindaji. Wanaosamehewa kozi ni waliozaliwa kabla ya Januari 1, 1973. Anasimamia mtu mmoja tu kwa wakati mmoja, na lazima awe umbali wa kufikia kwa mkono. Yaani akinyoosha mkono aguse bunduki ya mtoto. Hatua tatu nyuma ni kuvunja sheria.

Ukiona jirani anasema atawachukua watoto watatu peke yake, jibu ni hapana hata kama ni mtu mwema kiasi gani.

Na uliza jambo moja bila aibu: je, anaruhusiwa kushika bunduki? Sheria ya shirikisho inamkataza mtu aliyetiwa hatiani kwa kosa kubwa la jinai, na pia aliyetiwa hatiani kwa kosa la ukatili wa nyumbani hata kama liliandikwa dogo. Mtu wa namna hiyo hawezi kumnyang'anya mtoto bunduki bila kuvunja sheria, hivyo hafai kusimamia.

Lubumbashi_GrandRapids

Kwa upande wa Michigan: umri wa chini uliondolewa kwa sheria ya 2011, na mpango wa walio chini ya miaka 10 ukaanza 2012. Msimamizi hapa awe na miaka 21 au zaidi. Kwa hiyo kijana wa miaka 19 anayefaa Wisconsin, akivuka mpaka wa jimbo hafai. Msichanganye sheria za majimbo, ndipo wengi wanapokwama. Texas, kwa mfano, haina umri wa chini kabisa, ila cheti cha kozi hakitolewi kwa mtoto chini ya miaka 9.

Kuhusu makaratasi ya wageni, kwa sababu swali hili huulizwa kila mara: mkimbizi aliyepokelewa rasmi na mwenye kadi ya kijani hawamo kwenye katazo la bunduki la wageni. Aliyeko kwa viza ya muda, kama ya masomo, amekatazwa kumiliki au kushika bunduki na risasi, isipokuwa awe na leseni halali ya uwindaji iliyotolewa na jimbo. Asiye na makaratasi amekatazwa, na leseni ya uwindaji haimsaidii. Hilo linahusu kushika, si kununua tu. Mzazi asije akabeba bunduki ya jirani "kidogo tu" wakati makaratasi yake hayamruhusu.

Mtegaji

Mnaongea kama vile kushusha umri ni uzembe mtupu. Tuseme na sababu yake. Tangu 1937 kuna sheria ya Pittman-Robertson. Bunduki ndefu na risasi zinatozwa ushuru wa asilimia 11, na fedha zinarudi majimboni kwa ajili ya wanyamapori. Mgawo unaangalia mambo mawili, nusu ni ukubwa wa jimbo, nusu ni idadi ya watu wenye leseni za kulipia. Serikali kuu inaweka hadi senti 75 katika kila dola ya mradi, jimbo linaweka 25. Sasa wawindaji wanazeeka. Takwimu za taifa zilionyesha milioni 13.7 mwaka 2011, zikashuka hadi milioni 11.5 mwaka 2016. Kila mwindaji anayestaafu bila mrithi anaondoka na fedha za kutunza ardhi oevu, za kuhesabu wanyama, za kulipa maofisa.

Ndiyo maana mwaka 2004 wenye viwanda vya silaha pamoja na vyama vya wawindaji walianzisha kampeni ya Families Afield, kuyashawishi majimbo yaondoe vizuizi vya umri na kuruhusu mtu aonje uwindaji kabla ya kozi. Mtoto asipoanza mapema, akifika 14 ana mpira, ana simu, humpati tena.

Gobole la Babu

Mtegaji, hoja ya fedha naikubali, na nakubali kwamba mtoto aliyezoea msitu mapema huwa mwindaji mtulivu. Lakini mtoto wa miaka 6 anaweza kwenda msituni bila leseni. Anakaa kimya, anajifunza upepo unavuma kutoka wapi, anasoma nyayo na mikwaruzo ya pembe kwenye miti, anashika kamba ya kuvutia nyama. Hakuna sheria iliyowahi kumzuia hilo. Leseni inaongeza kitu kimoja tu, kufyatua.

Na kuna ubaya mwingine wa leseni ya kichanga. Leseni inakuja na lebo, yaani haki ya kuua mnyama. Kichanga hafyatui. Sasa lebo ile atavishwa kulungu wa nani? Mtu mzima akiua na kumvisha lebo ya mtoto asiyewinda, huo ni ujangili, na askari wa wanyamapori wana kazi ngumu sana kuuthibitisha.

Fundi Kitako

Naomba nishuke kwenye bunduki, maana nimesoma posti zote na hakuna aliyegusa vipimo. Sheria inaweza kusema miaka 0, lakini mwili wa mtoto una sheria zake.

Anza na urefu wa kitako. Bunduki za watu wazima zina takriban inchi 13.5 hadi 13.75 kutoka kifyatulio hadi mwisho wa kitako. Za vijana ni kama 12 hadi 12.5. Pima hivi, bunduki ikiwa tupu na chemba wazi: mtoto akunje kiwiko nyuzi 90, weka kitako kwenye kikunjo cha kiwiko, halafu tazama kidole cha shahada. Pingili ya kwanza ifike juu ya kifyatulio bila kunyoosha mkono. Kama haifiki, kitako ni kirefu. Kitako kirefu kinamfanya mtoto akiweke juu ya msuli wa mkono badala ya ndani ya bega, au apinde mgongo kurudi nyuma ili kusawazisha uzito, na akifyatua anasukumwa.

Kikiwa kirefu pia, mtoto hutambaa na shavu kwenda mbele mpaka jicho linakaribia darubini. Darubini nyingi zinahitaji nafasi ya inchi 3 hadi 4 kutoka jichoni. Mtoto akiwa na inchi moja na nusu, teke likija (bunduki ikirudi nyuma baada ya kufyatua) ukingo wa darubini unampasua juu ya nyusi. Sogezeni darubini mbele kwenye pete zake, msimwambie mtoto "rudisha kichwa".

Halafu teke lenyewe. Kosa la kawaida kuliko yote ni kumpa mtoto shotgani ya geji 20 kwa sababu "ni ndogo". Geji 20 nyepesi ya kilo mbili na nusu hivi, ikijazwa risasi moja nzito ya kulungu, inapiga teke kali kuliko raifo ya .243, tena kwa mbali. Uwepesi ndio unaoumiza, bunduki nyepesi hainyonyi teke. Kwa mtoto .243 yenye uzito wa kawaida inafaa. Ya .30-06 ya uzito uleule inapiga takriban mara mbili yake, hiyo msimpe.

Mtoto akishaumia mara moja anaanza kufumba macho na kuvuta kifyatulio kwa kushtukia. Utagundua namna hii: jaza risasi ya bandia katikati ya za kweli bila yeye kujua. Bunduki isipolia na mtutu ukazama chini, ameshaogopa. Hapo acha, rudi kwenye bunduki ndogo ya .22 kwa wiki kadhaa.

Masikio: mlio wa bunduki unapita desibeli 140, na masikio ya mtoto ni laini zaidi. Vizibo vya ndani NA vikinga vya nje kwa pamoja wakati wa mazoezi. Porini tumia vile vya umeme vinavyopitisha maneno na kuzuia mlipuko, vinginevyo hatakusikia ukimwambia "acha".

MamaAsha_Milwaukee

Ahsante sana Fundi. Hii ndiyo elimu. Sasa nitajuaje kwamba mtoto yuko tayari? Umbali gani?

Fundi Kitako

Dada, kipimo kinachoeleweka ni sahani ya karatasi. Sehemu ya moyo na mapafu ya kulungu ina upana wa takriban inchi 8. Tundika sahani, mtoto akae kama atakavyokaa porini, bunduki imeegemea tripodi, si juu ya meza ya mazoezi. Apige risasi tano kwa utulivu, kila moja baada ya kupumzika dakika kadhaa. Umbali ambao zote tano zinaingia ndio mpaka wake. Kwa wengi inakuwa yadi 50. Kama moja imetoka nje, punguza umbali. Usiseme "nne kati ya tano si mbaya", kwa sababu ile ya tano ni kulungu aliyejeruhiwa tumbo anayekufa usiku mzima.

Kisha mwambie mapema, kabla ya siku yenyewe: kulungu asimame ubavu, alenge nyuma tu ya bega, theluthi ya chini ya kifua. Akikabili uso au akiwa mbioni, hakuna kupiga. Na mkishapiga, wekeni sefti (kizuizi cha kifyatulio), risasi zitoke, mkae nusu saa. Watoto hutaka kukimbilia. Kukimbia na bunduki iliyojaa kwenye majani yaliyolowa ndipo panapotokea balaa.

Nyikani

Nashukuru Fundi. Sasa turudi kwenye sheria, kuna jimbo moja lililoshusha umri kwa namna ninayoiheshimu, New York.

Kule mtoto wa miaka 12 alikuwa anaruhusiwa kuwinda kulungu kwa upinde, lakini bunduki mpaka 14. Mwaka 2021 walifungua kwa miaka 12 na 13, kama majaribio, na kila kaunti ikapewa hiari ya kuingia kwa kupitisha sheria yake. Msimamizi awe na miaka 21 au zaidi na uzoefu wa kuwinda kulungu usiopungua miaka mitatu. Hapo kwenye uzoefu Wisconsin haijafika. Mavazi ni lazima kwa wote wawili, mtoto na mkubwa: chungwa au pinki inayong'aa, ama koti lenye angalau inchi za mraba 250 za rangi hiyo, ama kofia ambayo angalau nusu yake ni rangi hiyo. Na mtoto anabaki CHINI, ardhini. Hapandi dungu la mtini.

Hilo la dungu limetoka kwa watu wanaojua. Kuanguka kutoka madungu ni miongoni mwa sababu kubwa kabisa za majeruhi wa uwindaji Marekani. Mkanda wa mwili wa mtu mzima haumkai mtoto wa kilo 30, anachomoka kwa juu.

Kasoro moja ya New York: "kusimamia" kwao maana yake ni kumwona muda wote na kuweza kumwelekeza kwa sauti. Ni hafifu kuliko kile cha kufikia kwa mkono cha Wisconsin. Ukichukua mkono wa Wisconsin, uzoefu na ardhi vya New York, na silaha moja ya Pennsylvania, unapata sheria ambayo umri ukiwa 10 au 12 sina ugomvi nao.

Mtegaji

Hapo tumekutana. Ila silaha moja ina tatizo lake: jirani amelipia leseni, amesubiri mwaka mzima, msimu wa bunduki Wisconsin ni siku tisa tu. Ukimwambia aache bunduki yake nyumbani, wengi watakataa kumchukua mtoto. Kuna wikendi ya vijana mwezi Oktoba, siku mbili, ambapo wakubwa hawapigi kulungu kwa bunduki. Mtoto wa kwanza kabisa aanze siku hizo. Msitu umetulia, baridi haijawa kali, na msimamizi hana mashindano moyoni.

Nyikani

Mtegaji, hili la wikendi ya Oktoba nimelipenda. Wazazi walichukue.

Sheha wa Minneapolis

Kwa ndugu Waislamu, kwa kuwa swali litakuja: anayefyatua ataje jina la Mwenyezi Mungu wakati wa kufyatua. Mtoto mumayyiz, mwenye kupambanua, kuchinja kwake kunakubalika kwa wanazuoni walio wengi. Kichanga au mtoto asiyeelewa anachofanya, hapana. Mnyama akikutwa bado ana uhai wa wazi, achinjwe, na kisu kiwe kimenolewa tayari. Akikutwa amekufa kwa jeraha la risasi iliyotoboa, masheikh wengi wa sasa wanahalalisha, lakini muulize wa msikiti wako.

Lubumbashi_GrandRapids

Na nyama yenyewe, wazazi: risasi za madini ya risasi hupasuka vipande vidogo visivyoonekana, vinasambaa mbali na tundu. Kata na utupe nyama kwa ukarimu kuzunguka jeraha, au mtumie risasi za shaba. Watoto wadogo ndio wanaodhurika zaidi na madini hayo. Tena Wisconsin ina ugonjwa wa kudhoofika wa kulungu tangu 2002. Kama mpo kwenye kaunti zenye ugonjwa, pelekeni kichwa kipimwe na msile mpaka majibu yatoke.

MamaAsha_Milwaukee

Swali la mwisho jamani. Kijana wa miaka 11 amealikwa, jirani ana sifa zote mlizotaja. Akimpeleka, nimwekee masharti gani ili nisionekane namdharau?

Gobole la Babu

Dada, mwindaji wa kweli hadharauliki kwa kuulizwa. Mwombe matatu. Bunduki moja, na akitembea aibebe yeye. Wakae kwenye kibanda cha ardhini. Na kabla ya siku yenyewe waende uwanja wa mazoezi mara mbili, nawe uwepo. Ukiwa pale usitazame shabaha, tazama mikono: kidole cha mtoto kiko nje ya kikingio cha kifyatulio mpaka anapotaka kupiga? Mdomo wa mtutu unaelekea wapi anapogeuka kuzungumza nawe? Muite jina lake ghafla akiwa ameishika bunduki tupu. Akigeuka na mtutu ukageuka naye, bado. Mwaka ujao.

MamaAsha_Milwaukee

Nimeelewa, Mungu awabariki. Hizo sahani za karatasi ni zile za kawaida za dukani?

Fundi Kitako

Nyingi za dukani ni inchi 9, dada. Chora duara la inchi 8 kwa kalamu ya wino mzito, na tundu lililo nje ya mstari usilihesabu hata kama limegusa sahani.